Waliosomea serikali na sisi tuliosomea kompyuta

Wasomaji wangu mmezoea kunisoma nikilalamikia bei ya data, au nikieleza namna ya kuhamisha tovuti kutoka seva moja hadi nyingine bila kumwaga kitu njiani. Leo naomba mnivumilie kidogo. Nataka tuzungumze juu ya shule, na wala si shule ya kompyuta. Nazungumzia shule ya watawala: ile sehemu ya chuo kikuu ambako mtu mwenye digrii tayari huenda kusomea sera za umma na usimamizi wa serikali, halafu akitoka huko awe katibu wa wizara, mshauri wa rais, au rais mwenyewe.

Ziko nyingi duniani. Nitachukua moja inayojulikana kuliko zote, Harvard Kennedy School, iliyoko mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiyeitaka aende zake salama. Mwaka 1969 shule hiyo iliamua jambo la ujasiri: kwamba mtu hawezi kuendesha serikali ya kisasa bila kujua takwimu na uchumi, na kila anayesomea sera akalazimika kuzisoma, apende asipende. Leo inapaswa kusema hivyo hivyo juu ya programu za kompyuta. Na sisi hapa Kenya tusingoje ianze ndipo tuige.

Haya, historia kidogo. (Anayesinzia kwa historia aruke aya tatu.)

Shule yenyewe ilianza mwaka 1936 kwa jina la Shule ya Uzamili ya Usimamizi wa Umma. Pesa za kuanzia, dola milioni 2, zilitoka kwa Lucius Littauer, tajiri wa viwanda vya glavu aliyewahi kuwa mbunge. Ndiyo, glavu! Wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, serikali ya Roosevelt ilikuwa ikianzisha mashirika mapya kila uchao, na watu wa kuyaendesha walikuwa hawatoshi. Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya Rais Kennedy kuuawa, shule ikapewa jina lake. Waliopita humo mnawajua: Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, Ban Ki-moon wa Umoja wa Mataifa, Lee Hsien Loong wa Singapore.

Lakini mwaka unaonivutia ni 1969, ilipofunguliwa digrii mpya ya uzamili wa sera za umma. Angalieni waliokaa kuipanga. Richard Neustadt, mtaalamu wa siasa aliyekuwa amefanya kazi katika ikulu ya Truman. Thomas Schelling, mchumi aliyechambua vitisho na mapatano kwa hesabu, na aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2005. Howard Raiffa, bingwa wa hesabu za kufanya uamuzi pale usipokuwa na hakika. Frederick Mosteller, mwanatakwimu. Yaani nusu ya meza ilikuwa ya watu wa hesabu! Walikuwa wameona katika Vita vya Pili vya Dunia jinsi hesabu ilivyosaidia kupanga misafara ya meli, na wakaona katika miaka ya 1960 jinsi vijana wa McNamara walivyoingia wizara ya ulinzi wakiwauliza majenerali maswali ya gharama na faida. (Vietnam ilionyesha pia kwamba kuhesabu vizuri kitu kisichofaa kuhesabiwa ni hatari. Hilo nalo ni somo.)

Mwaka 1978 walimu wawili wa shule hiyo, Edith Stokey na Richard Zeckhauser, walitoa kitabu cha kiada cha kuchambua sera. Yaliyomo: foleni, uigaji wa mifumo, modeli za Markov, uamuzi wa hatua kwa hatua. Mwanafunzi yeyote wa kompyuta wa Chiromo au Juja akikifungua atajiona yuko nyumbani. Foleni ya wagonjwa hospitalini na foleni ya maombi kwenye seva zinatumia hesabu ile ile. Kumbe wale wazee walikuwa wamefika mlangoni kwetu, wakabisha hodi, halafu hakuna aliyeingia.

Nini kilitokea? Kompyuta ilipoenea serikalini, ilihesabiwa kuwa kitu cha kununua, kama magari na viti. Aliyesomea sera alifundishwa kuandika sera, kupima gharama yake na kuipitisha bungeni. Baada ya hapo kuna watu fulani wa kompyuta, wako orofa ya chini karibu na choo, watatengeneza mfumo. Kozi za serikali na kompyuta zilikuwepo Kennedy School, na baadhi zilikuwa nzuri sana, lakini kwa sehemu kubwa zilikuwa za kuchagua. Takwimu ni ya lazima, programu ni ya wenye nafasi.

Sasa tuone matunda ya mgawanyo huo.

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Obama ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya. Sheria yenyewe ilikuwa imetiwa saini Machi 2010. Miaka mitatu na nusu! Siku ya kwanza, kwa mujibu wa kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye na kamati ya bunge, watu waliofaulu kujiandikisha walikuwa 6. Sikukosea sufuri hapo. Sita. Majimbo 36 yalikuwa yakitegemea tovuti hiyo moja.

Wengi walicheka wakisema waandishi wa programu walikuwa wabovu. Mimi nikisoma habari ile naona jambo jingine. Tovuti ilimtaka mtu afungue akaunti kwanza na kuthibitishwa yeye ni nani, ndipo aone bei za bima. Uamuzi huo ulifanywa ofisini, zikiwa zimebaki wiki chache. Mwenye duka anajua kwamba wengi wanaoingia dukani wanataka kuangalia tu. Ukiwalazimisha wote wapite kwa mlinzi mlangoni waonyeshe kitambulisho kabla ya kuona hata bei ya sukari, foleni itafika barabarani. Ndivyo ilivyokuwa: mzigo wote uliangukia mlango mmoja, na mlango ukavunjika. Huo ni uamuzi wa sera uliofanywa na watu ambao hawakuwa na habari kwamba una gharama ya kiufundi. Juu ya hapo kulikuwa na makandarasi zaidi ya 50, na hakuna hata mmoja aliyebeba jukumu la kuona kama vipande vinashikana.

Walioitwa kuokoa jahazi walikuwa wahandisi, akiwemo Mikey Dickerson aliyetoka Google, na mwaka 2014 serikali ikaunda vikosi viwili vya wataalamu wa kompyuta, U.S. Digital Service na 18F. Vilifanya kazi ya kusifiwa. Lakini kikosi ni kitu cha kuundwa na kuvunjwa. Januari 2025 cha kwanza kilibadilishwa jina na kazi, na Machi 2025 cha pili kikafungwa. Ndiyo maana nang'ang'ania mtaala. Rais mpya anaweza kufunga ofisi usiku mmoja. Hawezi kuondoa takwimu kichwani mwa mtu aliyezisoma mwaka 1985.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, na unatoka Australia. Nimeuchagua kwa sababu kosa lake linaingia kwenye mstari mmoja wa programu, nanyi mtaliona bila kuhitaji digrii yoyote.

Huko, mtu asiye na kazi hupewa msaada wa serikali unaokokotolewa kila wiki mbili. Anaripoti kipato cha wiki mbili, anapewa msaada kulingana na kipato hicho. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilileta mpango uliokuja kuitwa Robodebt, wa kutafuta waliolipwa kupita kiasi. Programu ilichukua kipato cha mwaka mzima kutoka kwa mamlaka ya kodi, ikakigawa kwa 26, ikalinganisha na kile mtu alichoripoti.

Mwenye jicho ameshaona. Chukua kijana aliyefanya kazi nusu ya kwanza ya mwaka akipata dola 2,000 kila wiki mbili, jumla 26,000. Kisha akafutwa kazi, nusu ya pili akaishi kwa msaada, akiripoti sufuri, na ni kweli sufuri. Programu inagawa 26,000 kwa 26, inapata 1,000. Inakwenda kwenye ile miezi ya shida na kusema: hapa ulipata 1,000 ukaripoti sufuri, wewe ni mwongo, rudisha pesa. Na mzigo wa kuthibitisha ukawekwa kwa raia, atafute hati za mishahara ya miaka iliyopita kutoka kwa waajiri ambao pengine wamefunga biashara.

Zaidi ya watu 400,000 walidaiwa. Mwaka 2014, kabla mpango haujaanza, wanasheria wa ndani ya serikali walikuwa wameonya kwamba kutumia wastani namna hiyo hakuruhusiwi na sheria. Tume iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023, baada ya kusikiliza, miongoni mwa wengine, akina mama ambao wana wao walijiua baada ya kudaiwa.

Tatizo hapo si programu kuharibika. Programu ilifanya sawasawa kile ilichoambiwa, kwa kasi, bila kuchoka, usiku na mchana. Na waliotoa amri hawakuwa wajinga. Australia na New Zealand zina shule yao ya pamoja ya kuwafunza maafisa wakubwa wa serikali tangu mwaka 2002. Ila kati ya anayejua sheria na anayejua kugawa kwa 26 hapakuwa na mtu aliyeweza kusoma pande zote mbili na kupiga kelele akasikika.

Sasa turudi nyumbani, maana najua kuna msomaji anasema hayo ni ya wazungu.

Aprili na Mei 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba, alama za vidole na picha. Sheria iliyoruhusu ilikuwa imebeba pia DNA na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Nubian Rights Forum na wenzao wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakasema DNA na setilaiti zinakiuka katiba, na mfumo usiendelee kabla ya kuwekewa kanuni za kutosha. Serikali ikaendelea kuchapisha kadi. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akauita utoaji wa kadi hizo batili, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Mabilioni ya shilingi yakabaki kwenye droo za watu katika umbo la kadi.

Tathmini ile inataka mtu akae chini aulize: data gani, kwa nini, nani ataiona, ikivuja nani ataumia, na yule ambaye hana cha kuonyesha kwenye dirisha la karani atafanywaje? Ni maswali ambayo mwandishi wa programu mwenye adabu huuliza kabla ya kufungua jedwali la kwanza kwenye hifadhidata. Ni maswali pia ambayo mtu wa sera angepaswa kuuliza kabla ya muswada. Yaliulizwa na majaji, mwishoni, kila kitu kikiwa kimeshanunuliwa.

Au Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na kulemewa. Huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimekusanywa nyuma ya mlango mmoja. Kuzikusanya ni sera nzuri, mimi mwenyewe naipenda, sikosi usingizi tena kwa ajili ya foleni. Lakini sera ya "mlango mmoja" ni uamuzi wa uhandisi pia, na anayeutoa lazima aulizwe siku hiyo hiyo: mlango ukifungwa, watu wanapitia wapi?

Niseme na langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika timu ndogo iliyotengeneza mfumo wa kuomba basari kwa ofisi moja ya serikali, ambayo nitaiacha bila jina. Fomu ya karatasi ilikuwa na nafasi ya nambari ya kitambulisho cha mzazi. Kwenye karatasi, mtoto anayelelewa na nyanya yake aliandika "marehemu" kwenye nafasi hiyo na karani akaelewa. Kompyuta haielewi. Nikauliza kwenye mkutano: asiye na mzazi ajaze nini? Kimya. Afisa mmoja, mtu mzima mwenye shahada ya uzamili ya mambo haya haya ninayoandika, akaniambia, "Kijana, wewe weka tu kitu."

Basi nikaweka. Nilikuwa na miaka 24, sijachaguliwa na mtu, sijaapishwa, na nilikuwa nimetunga kanuni ya basari kwa eneo zima kabla ya chai ya saa nne. Niliifanya nafasi hiyo kuwa ya hiari na kuongeza nyingine ya mlezi. Wiki tatu baadaye ikaja amri kutoka juu: irudishwe kuwa ya lazima, kwa sababu kwenye ripoti ile safu ilikuwa na mapengo na mkubwa hapendi mapengo. Nilibisha kwa maandishi. Ikarudishwa. Na baada ya hapo ripoti ilipendeza kweli kweli, haina pengo hata moja, kwa sababu fomu isiyotumwa haiingii kwenye hifadhidata. Mtoto aliyekwama kwenye ile nafasi hakukataliwa na mtu yeyote. Hakuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma juu ya shule hizi, kutafuta kama kuna mahali watu wanafundishwa kwamba alama ndogo nyekundu ya "lazima ujaze" ni sheria kama sheria nyingine, tena ina nguvu kuliko nyingi, kwa sababu haina rufaa.

Na haki itendeke: Kennedy School imekuwa na watu wanaofundisha hivyo. Mmoja ni Profesa Latanya Sweeney. Katika miaka ya 1990, akiwa bado mwanafunzi wa kompyuta MIT, tume ya bima ya watumishi wa serikali ya Massachusetts ilitoa data za matibabu kwa watafiti baada ya kuondoa majina. Gavana William Weld aliwahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Sweeney akanunua orodha ya wapiga kura wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha. Mjini humo, waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa 6. Wanaume kati yao 3. Mwenye msimbo wake wa posta, 1. Hivyo akapata rekodi za hospitali za gavana mwenyewe! Hakudukua kitu, aliunganisha majedwali mawili, kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili hupewa kama zoezi. Hadithi hiyo iliingia katika mjadala wa kanuni za siri za wagonjwa Marekani. Gavana alikuwa msomi, wanasheria wake walikuwa wasomi, na wote waliamini kwamba kufuta safu ya majina ni kuficha watu.

Mwingine ni wetu kabisa. Calestous Juma, mwana wa Busia, alianza kama mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, akawa akiandikia gazeti la Daily Nation barua, hadi gazeti likamwajiri aandike habari za sayansi na mazingira. Mwaka 1988 akaanzisha Nairobi kituo cha kuchunguza sera za teknolojia Afrika, ACTS. Baadaye alifundisha Kennedy School hadi alipofariki Desemba 2017. Kitabu chake cha mwaka 2016 kinaeleza kwa nini watu hupinga vitu vipya, kuanzia kahawa na majarini hadi umeme na muziki wa kurekodiwa, na jibu lake si kwamba watu ni washamba. Watu hupinga wanapohisi kwamba hasara itakuwa yao na faida ya wengine. Waliotuletea Huduma Namba wangemsoma Juma, wangejua kwamba Wanubi hawakuwa wakiogopa kompyuta. Walikuwa na historia ndefu ya kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, na waliona historia hiyo ikiingizwa kwenye mashine.

Najua pingamizi mtakazoleta, hasa nyinyi mliosomea siasa na mnaosoma ukurasa huu kimya kimya. Ya kwanza: kiongozi ana wataalamu, kwa nini ajifunze programu? Kwa sababu ana wachumi pia, na bado mnamfundisha uchumi. Hamumfundishi ili awe mchumi. Mnamfundisha ili mchumi asimdanganye. Leo waziri wetu anaweza kumbana mchumi kwa swali la mfumuko wa bei, lakini mkandarasi akimwambia "mfumo umekamilika asilimia 90" anapiga makofi. Mtu aliyewahi kuandika programu hata moja ya mistari 200 anajua kwamba ile asilimia 10 ndiyo kazi.

Ya pili: teknolojia hubadilika haraka, utakachofundisha leo kitaoza kesho. Lugha za programu ndizo hubadilika. Lakini hifadhidata ya majedwali ilielezwa na Edgar Codd mwaka 1970 na bado ndiyo inayobeba nambari yako ya kitambulisho. Foleni ni foleni. Wastani unaficha leo kile ulichoficha jana. Na busara ya kujaribu mfumo kwa kata moja kabla ya nchi nzima haitazeeka.

Wala sitaki waandikwe wote kuwa mabingwa wa Python. Muhula mmoja unatosha: ajenge fomu, aiunganishe na hifadhidata, aiweke hewani, aone watu halisi wakishindwa kuitumia, halafu asome mkataba wa zabuni ya mfumo kama ule na aeleze nani atalipia makosa. Anayefanya hayo mara moja hatasema tena "wewe weka tu kitu."

Na sisi wa kompyuta tusijifanye malaika. Digrii yangu ilikuwa ya miaka minne, na katika miaka hiyo sheria na serikali vilipita kwenye somo moja la maadili ya kitaaluma, lililofundishwa Ijumaa jioni. Mwenzangu akipata nafasi ya uzamili hukimbilia akili mnemba au usimamizi wa biashara. Nami nasema, vijana, tazameni na upande huu. Karo ya Harvard si mchezo, na Mei 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kuizuia kusajili wanafunzi wa kigeni hadi mahakama ikaingilia, kwa hiyo sikushauri uuze shamba la baba. Vyuo vyetu navyo vina digrii hizi. Darasa la sera lenye wahandisi watatu wabishi litamfaidi hata mwalimu.

Kuna pia Kabete. Kenya School of Government si chuo kikuu, lakini ndiko maafisa wanaopandishwa vyeo hupitia; ilipata jina na sheria yake mwaka 2012, na kabla ya hapo ilikuwa taasisi ya usimamizi tangu 1961. Kozi yake ya mameneja wakuu ni ya wiki 4. Naomba alasiri mbili tu. Siku ya kwanza wapewe fomu ya basari kwenye simu ya kabambe, kila mmoja na karatasi inayomwambia yeye ni nani: nyanya wa miaka 70 asiyejua kusoma Kiingereza, kijana mwenye jina moja tu, mkulima ambaye vidole vyake havisomeki tena kwenye mashine. Siku ya pili wapewe ripoti ya waliofanikiwa, iliyo safi, isiyo na pengo, na waambiwe watafute humo wale waliokuwa wao jana.